Mkono Umelazwa

Katika ile miaka ya hamsini Goma ilikuwa bado mji mdogo, mdogo kiasi kwamba kengele ya misioni ikilia na upepo ukiwa mzuri, waliokuwa ziwani waliisikia, na waliokuwa wakilima kule Munigi waliisikia pia. Kando ya barabara inayopanda kutoka ziwani kwenda Kibati, nje ya gareji ya kutengeneza makamyo, yaani malori, palikuwa na ubao mrefu uliotegeshwa juu ya mawe meusi ya volkano, na ubao huo ndio uliokuwa kijiwe. Nasoro, mtu wa asili ya Maniema, aliuza kahawa hapo, kahawa nyeusi yenye tangawizi, na kwa kuwa hakuwahi kumtilia mtu sukari walimwita Bila-Sukari. Védaste, dereva wa kamyo la ndizi, alijiita mwenyewe Vitesi, yaani Mwendo-Kasi kwa Kifaransa, na kwa kuwa kamyo lake halikuwahi kumpita hata mwenye baiskeli, jina lilimkaa. Munyaneza wa gareji, fundi wa kuunga vyuma kwa moto wa umeme, kazi ambayo watu wa huko huiita sudire, alikuwa Jua-Dogo, kwa sababu ya ule mwanga wake usiotazamika. Na Sebahire, mwashi wa mawe, alikuwa Saa-Sita, kwa maana jua likisimama utosini aliweka nyundo chini, hata kama jiwe liko nusu, akaenda nyumbani kula alichopika mkewe Nyirakamana. Tangu Nyirakamana azikwe, hakuna aliyemwita tena Saa-Sita. Walifanya hivyo kwa heshima. Hawakujua kwamba jina lile lilikuwa moja ya vitu vichache alivyotamani kurudishiwa.

Jumamosi hiyo, nyuma ya ubao, palikuwa na pipa la chuma lililojaa majivu ya moto. Ndani ya majivu ulikuwamo mkono mpya wa kengele ya misioni, yaani kile chuma kinene kinachoibeba kengele kati ya nguzo zake mbili. Munyaneza alikuwa ameuunga asubuhi, akaufukia humo, na sasa jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Sake. Sebahire alikaa mwisho wa ubao, karibu kabisa na pipa. Kesho yake ilikuwa misa ya kuondoa kilio cha mkewe, na kwa misa hiyo alikuwa ameomba kitu kimoja tu: kengele ilie. Siku ya mazishi haikulia. Mkono ulikuwa umevunjika usiku wa kuamkia siku ile, na Nyirakamana, ambaye maisha yake yote alisimamisha jembe na kufanya ishara ya msalaba kila kengele ilipolia, aliingia kaburini kwa kimya.

Hilaire, katekista, alikuja akisukuma toroli tupu. Kijiweni walimwita Amina-Mapema, maana kanisani aliitikia kabla padri hajamaliza.

— Tumsifu Yesu Kristo.

— Milele na milele, alijibu Sebahire.

— Amina. Jua-Dogo, nimekuja kuchukua ule mkono.

— Mkono umelazwa, alisema Munyaneza.

— Umelazwa namna gani?

— Umelazwa ndani ya majivu. Haujapoa.

— Padri anataka utundikwe kabla giza haijaingia. Kesho iko misa ya mama Nyirakamana. Mutu akiniuliza mkono uko wapi, niseme uko hospitali?

— Sema hivyo. Utakuwa umesema kweli kidogo.

Hilaire aliegesha toroli. Nasoro alimmiminia kikombe bila kuulizwa, akakiweka pale alipozoea kuweka vikombe vyote, juu ya kipande cha chuma kilichokuwa katikati ya ubao. Kipande hicho kilikuwa nusu ya mkono wa zamani, ule uliovunjika, na tangu uvunjike kilikuwa meza ya kahawa.

— Kwanza mimi sielewi, alisema Hilaire. Chuma ikitoka kwa moto inapewa maji. Babu zetu wote walifanya hivyo. Muhunzi akitengeneza jembe, anatumbukiza kwa maji, inalia shii, inakuwa nguvu. Chuma isipokunywa maji inabaki laini kama chikwangi ya muhogo.

— Na mara ya kwanza tulipounga tuliipa maji, alisema Munyaneza. Maji ya ziwa, ndoo nzima. Ikapasuka kabla haijafika hata kwa misioni.

— Hayo yalikuwa maji ya ziwa.

— Na mara ya pili tuliipa maji gani, Hilaire?

Hilaire alikunywa kahawa yake polepole.

— Sema, Amina-Mapema, alisema Védaste. Usione haya. Mara ya pili ilikunywa nini?

— Yalikuwa maji ya baraka, alisema Hilaire. Niliona mshono ungali mwekundu, nikasema moyoni, hapa ndipo pa kubariki. Nikamwaga chupa yote.

Nasoro alitikisa kichwa, lakini kwa upole, kwa kuwa alikuwa Mwislamu na hakutaka kucheka kitu kitakatifu cha jirani.

— Maji yaliyobarikiwa ni mazuri, alisema. Ila chuma hakijabatizwa, ndugu yangu. Chenyewe kiliona maji tu.

— Ikalia siku nzima vizuri, alijitetea Hilaire. Jumamosi nzima. Sauti tamu. Ilivunjika usiku ule wa kuamkia mazishi.

— Hilo ndilo linaninyima usingizi, alisema Munyaneza. Usiku. Hakuna mutu aliipiga. Hakuna upepo. Kengele imetulia, kamba imetulia. Na chuma yenyewe ikaamua.

Kitu kinachovunjika kikiwa kazini, mtu anaweza kukilaumu kitu hicho au kuilaumu kazi. Kitu kinachovunjika kikiwa kimepumzika kinamtia mtu hofu ya namna nyingine.

— Mimi nawaambia tatizo ni bageti, alisema Védaste mwishowe. Ile fimbo ya sudire inayoyeyuka. Wanatuletea zile zilizobaki Ulaya. Zimekaa kwa meli, zimekunywa chumvi ya bahari, zikifika hapa haziwezi kushika hata masufuria. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni anakuja, mwenyeji anavunjika.

— Mshono haukuvunjika, alisema Munyaneza.

— Mshono ulivunjika. Mbona iko vipande viwili?

— Angalia vizuri, Vitesi. Ondoa vikombe.

Nasoro aliondoa vikombe kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayeondoa vitu altareni. Wakainama wote juu ya chuma. Mshono ulikuwa pale, mzima, umevimba kidogo kama kovu lililopona vizuri. Mahali palipovunjika hapakuwa juu ya mshono. Palikuwa kando yake, upana wa ukucha tu, kwenye chuma kilichoonekana safi kabisa, kisichoguswa na kitu.

— Walahi, alisema Nasoro. Vikombe vyangu vimekaa hapa wakati wote huo na sikuona.

Sebahire naye hakuwa ameona. Alikuwa amekiangalia chuma kile kila siku, kwa maana kilimuudhi, na kila siku macho yake yalikwenda kwenye mshono, yakaulaumu.

— Basi nimejua, alisema Nasoro. Ni wivu. Vyuma viwili ni kama wake wenza, na mshono ni bwana wao. Bwana yuko salama katikati, anakula huku, anakula kule. Ugomvi uko mlangoni pake. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

— Nani ni nyasi hapo?

— Pale kando.

— Na tembo?

— Tembo ni wake. Usinivuruge, Vitesi. Mimi nina wake wawili, najua ninachosema.

— Si wake, alisema Hilaire, ambaye alikuwa amepata nguvu tena. Ni Shetani. Sikilizeni. Moto unachoma pale katikati, Shetani anakimbia. Maji ya baraka yanamwagika pale katikati, Shetani anakimbia zaidi. Lakini anakimbilia wapi? Hawezi kwenda mbali, ana kiburi. Anakaa hapo kando, anangoja. Ndiyo maana usiku ndipo alipofanya kazi yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo inaingia wapi hapo? aliuliza Nasoro.

— Inaingia tu.

— Mimi nasema ni mambo ya kumbukumbu, alisema Védaste. Jua-Dogo, ule mkono uliutengeneza kwa chuma gani?

— Mhimili wa magurudumu. Wa kamyo la zamani.

— La nani?

— Lile lililopinduka kwenye kona za njia ya Rutshuru.

— Mumesikia. Mumesikia wenyewe. Chuma imepinduka na watu, imesikia watu wakilia. Mnaichukua, mnaitundika kanisani, kila siku inasikia gongo, gongo. Inafikiri ni kona ile imerudi. Chuma inakumbuka. Kamyo langu linakumbuka kila shimo kutoka hapa mpaka Sake, na mimi mwenyewe nimesahau.

— Ndiyo maana linakwenda polepole, alisema Nasoro. Linawaza.

Hapo ndipo walipocheka, na Védaste, akicheka bado, alimgeukia Sebahire na kumpiga begani.

— Na wewe unasema nini, Saa-Sita?

Kicheko kilikatika. Védaste alifunga mdomo kama mtu aliyetema mbegu mahali pasipofaa. Nasoro aliangalia birika lake. Lakini Sebahire hakuondoka, wala hakuinamisha kichwa.

— Nisamehe, muzee, alisema Védaste.

— Hapana. Acha libaki, alisema Sebahire. Ni jina langu.

Védaste, kwa aibu, alitafuta kitu cha kufanya na mikono yake. Karibu na mguu wa Munyaneza palikuwa na tupa ya kunolea, akaiokota.

— Mimi nitawaonyesha kwamba mshono huu ni takataka, alisema, na kuanza kuupiga tupa mshono.

Tupa iling'ata. Vumbi la chuma lilianguka jeusi juu ya ubao.

— Unaona, laini kabisa. Sasa angalia huku kwa chuma yenyewe.

Akapeleka tupa mbali na mshono, upana wa kiganja. Iling'ata pia. Akairudisha polepole, akiisogeza kuelekea mshono, na ghafla mkono wake uliteleza. Tupa ilipita juu ya chuma kwa sauti nyembamba, kama kucha juu ya chupa. Hakuna vumbi. Alisukuma kwa nguvu zaidi. Tupa ikateleza tena.

— Nini hii? alisema Védaste, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha.

— Nipe, alisema Munyaneza.

Alijaribu yeye. Kwenye mshono tupa iling'ata. Mbali na mshono iling'ata. Pale kando, kwenye ule utepe mwembamba usio na alama yoyote, iliteleza. Alimpa Nasoro, naye akajaribu, akataja jina la Mungu. Alimpa Hilaire, naye akajaribu mara nyingi, kana kwamba chuma kingebadili mawazo. Mwisho tupa ilimfikia Sebahire. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi na mawe, na mikono yake ilijua jiwe linalokubali na jiwe linalokataa. Aliisikia tupa ikiteleza.

— Ni kama kioo, alisema.

— Ni kama kioo, alisema Munyaneza. Ndipo maji yalipokwenda, Hilaire. Yale ya ziwa na yale yako. Yaliifanya ngumu kama ncha ya jembe. Lakini jembe linataka ugumu ili likate udongo. Mkono wa kengele unatikiswa. Kitu kigumu namna hii ukikitikisa, kitafanya nini?

— Lakini kwa nini pale tu? aliuliza Nasoro. Maji yalimwagika kote. Katikati hapakuwa kioo. Kule mwisho hapakuwa kioo.

Munyaneza alikipapasa chuma kwa kidole gumba.

— Mimi niko fundi wa kuunga, sikusoma ndani ya chuma, alisema. Nafikiri tu. Pale katikati chuma iliyeyuka. Ikawa maji, ikachanganyika na bageti, na bageti ni chuma laini. Hiyo imezaliwa upya. Kule mbali, haikujua kitu. Ilisikia joto kidogo, basi. Lakini hapa kando iliona moto wote, ikawa nyekundu kabisa, na haikuyeyuka. Ilibaki imesimama vile vile ikiangalia. Halafu ubaridi ukaja mara moja.

— Ilishtuka, alisema Nasoro.

— Ilishtuka. Na ikabaki hivyo.

Védaste alikuwa ameichukua tupa kwa Sebahire na kuirudisha chini. Alipoanza kusema tena hakumtazama mtu.

— Mwaka ule mlima ulipomwaga moto mpaka barabarani, nilipita baadaye kidogo. Miti iliyokuwa njiani mwa moto iliungua yote, tulijua. Lakini kando ya ule mto wa moto palikuwa na miti iliyosimama, kijani kabisa, na majani yake. Tulisema hii imepona, tukamshukuru Mungu. Mwaka uliofuata nilipita tena. Yote ilikuwa imekauka ikiwa imesimama. Hakuna moto ulioigusa. Na sasa nawaza, sisi tulikuwa tukiangalia wapi?

Hakuna aliyemtania. Sebahire aliangalia chuma, na bila kutaka alijiona yuko sokoni Kibati. Siku ya mazishi hakulia, watu wakasema, Sebahire ana moyo wa mawe yake, na padri alimshika mkono akamsifu. Miezi ikapita, akaenda Kibati kununua maharage. Mwuzaji, mama mmoja asiyemjua, alishika kibakuli chake cha kupimia, akamwuliza kwa heshima, kama anayemwuliza baba yake, ya watu wangapi, papa? Basi. Swali hilo tu. Akasimama katikati ya soko akalia, na watu wakamzunguka wakiuliza kaumia wapi.

— Poleni, ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Munigi, Mukamugema kwa jina, ameshika jembe lililopasuka shingoni, ameleta liungwe. Alikuwa amesimama muda, hawakumwona.

— Nimesikia kuna mkono umelazwa, alisema. Ni mkono wa nani?

— Wa kengele, mama, alisema Nasoro.

— Kengele ina mkono?

— Inao. Uko ndani ya pipa.

Mukamugema aliangalia pipa, kisha akawaangalia wao, akijaribu kujua kama wanamcheka. Alipoona nyuso zao alikaa juu ya jiwe, akaweka jembe magotini, na kungoja zamu yake kama mtu anayengoja kwa daktari.

— Na hayo majivu yanafanya nini? aliuliza Hilaire, kwa sauti ya chini.

— Kuna fundi wa meli pale bandarini, alisema Munyaneza. Nilimweleza kila kitu. Hakunieleza sababu, aliniambia tu, chuma kinene cha namna hii, kipashe moto kwanza chote, pole pole, kabla hujaanza. Halafu unga. Halafu kifukie ndani ya majivu ya moto, kipoe chenyewe, usikiguse. Akasema, kilaze. Neno lake hilo. Nikafanya kwanza na kipande cha mhimili ule ule kilichobaki. Kile pale.

Alinyoosha kidole, na Védaste akakiokota kipande kutoka chini ya ubao. Mshono wake ulifanana kabisa na ule mwingine. Akapitisha tupa juu ya mshono, iling'ata. Akaipeleka kando, kwenye utepe ule.

Tupa iling'ata. Vumbi likaanguka.

Alirudia. Likaanguka tena. Nasoro alilichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akalitazama kama mtu anayetazama unga wa dawa.

— Chuma ile ile, alisema. Moto ule ule. Fundi yule yule.

— Hii ililazwa tu, alisema Munyaneza.

— Sifa kwa Mungu, alisema Hilaire, na safari hii hakuwa ameitikia mapema.

Lori lilipita likipanda kwenda Rutshuru, vumbi lake jeusi likatulia juu ya kahawa, na hakuna aliyelalamika. Hilaire ndiye aliyekumbuka kwanza kilichomleta. Aliangalia jua, akaangalia toroli.

— Lakini kesho ni kesho, alisema. Sasa umekaa ndani tangu asubuhi. Jua-Dogo, kitu kikilala tangu asubuhi si kimelala? Tuutoe sasa, tuufunge na magunia, tuutundike. Hakuna maji, naapa. Hata jasho langu halitaugusa.

— Ndani bado ni moto, Hilaire. Kile kipande kilikuwa kidogo. Huu ni mnene, tena nje kuna upepo wa ziwa. Ukiutoa sasa, upepo ni maji vile vile.

— Basi upoe lini?

— Kesho mchana. Labda.

— Misa ni asubuhi.

— Najua misa ni asubuhi.

— Mimi naona utolewe, alisema Védaste polepole. Si kwa sababu ya chuma. Kwa sababu ya papa Sebahire. Mama alizikwa bila kengele. Je, na kilio chake kiondoke bila kengele? Jua-Dogo, ikivunjika baadaye utaunga tena. Misa haitarudi.

— Hata mimi nimewaza hivyo, alisema Munyaneza, na ilionekana kwamba neno hilo limemwuma. Asubuhi nzima nimewaza hivyo. Muzee, maneno ni yako. Ukisema nitoe, natoa.

Wote walimgeukia Sebahire. Alijua hawakuwa wakimjaribu. Walikuwa tayari kuharibu kazi nzuri kwa ajili yake, na hilo lilimfikia ndani zaidi kuliko pole zote alizopewa. Aliitaka kengele ile. Usiku mwingi alikuwa amelala akiisikia, akimwona Nyirakamana akinyanyuka shambani, udongo mikononi, akigusa paji la uso wake. Alifungua kinywa aseme, toa.

— Samahani, alisema Mukamugema kutoka jiweni pake. Mimi sijui mambo ya chuma. Nauliza tu. Mukiutoa leo, utavunjika lini?

Védaste alimtazama Nasoro. Nasoro alimtazama Munyaneza.

— Labda hautavunjika, alisema Hilaire.

— Eh. Lakini ukivunjika, ni lini? Wakati wa misa? Au siku mtoto anavuta kamba?

Munyaneza alifungua mikono yake, akaitazama, akaifunga. Mshono wa kwanza ulipasuka njiani. Wa pili ulingoja usiku, kila kitu kikiwa kimetulia. Wa tatu ungengoja nini, ubatizo wa nani, maziko ya nani? Aliyejua majibu ya mambo yote pale kijiweni alikuwa Védaste, na Védaste aliinamisha kichwa.

— Hatujui, mama, alisema Munyaneza.

Sebahire alisimama. Alikwenda kwenye toroli, akaishika mikono yake miwili, akaigeuza polepole mpaka ikaelekea misioni.

— Hilaire, alisema, rudi nayo hivyo hivyo. Mwambie padri mkono umelazwa, haujapona. Mwambie kesho tutaimba. Nyirakamana alipenda kuimba.

— Na kengele, papa?

— Ikipoa italia. Na ikilia, nitaacha nyundo nisikilize, siku yoyote iwe. Sitaki aitwe kwa kitu kitakachomwangukia mutu.

Hilaire alitaka kusema amina, akajizuia, akaondoka akisukuma toroli, na gurudumu lilisikika kwa muda mrefu juu ya mawe. Nasoro aliinamisha birika. Lilitoa matone machache, akayagawa kwa vikombe vyote, kila mtu akapata rangi tu ya kahawa. Munyaneza alichukua jembe la Mukamugema, akaligeuza, akamwambia lingoje mpaka Jumatatu, na yeye hakubisha. Wala hakuondoka. Alisogeza jiwe lake karibu na wao, kama wanavyofanya wanawake wakifika penye kilio wakakuta watu wamekwisha kukaa.

Sebahire alirudi mahali pake mwishoni mwa ubao, akaweka kiganja chake ubavuni mwa pipa.

— Bado lina joto? aliuliza Védaste.

— Bado, alisema Sebahire, na hakuondoa mkono.